Kutazama Nyota Kutoka Vilima vya Kimara

Katika historia ya miji ya Afrika ya Mashariki yameandikwa mengi juu ya bandari, reli, masoko na siasa, lakini machache mno juu ya mbingu zilizoifunika miji hiyo. Jambo hili si la ajabu. Mbingu hazina hati wala hazitozwi kodi, na mwanahistoria aghalabu huandamana na karatasi. Hata hivyo mji wa Dar es Salaam umepoteza kitu kikubwa katika muda wa umri wa mtu mmoja, nacho ni giza la usiku. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu wapatao 129,000. Ile ya 1967 ilikuta watu wapatao 273,000. Na ile ya 2022 ilihesabu katika mkoa mzima watu 5,383,728. Kila nyumba iliyoongezeka ilileta taa yake, na kila taa ilifuta nyota kadhaa.

Kimara iko kando ya Barabara ya Morogoro, magharibi ya mji, katika nchi ya vilima inayoanza kupanda mara baada ya kuipita Ubungo. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Wakati wa Uhuru palikuwa mahali pa mashamba zaidi kuliko pa nyumba. Leo ni kituo cha mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016; ni maduka, ni barabara iliyopanuliwa kuelekea Kibaha, na vijia vinavyoteremka mabondeni kati ya nyumba zilizojengwa karibu karibu. Lakini kwa mtazamaji wa nyota Kimara ni mpakani. Upande wa mashariki taa za mji zimeipaka mbingu rangi ya manjano hata nyota ndogo haziwezi kuonekana. Upande wa magharibi, kuelekea Kibamba, giza bado lina nguvu kidogo. Mgao wa umeme, ambao hapana anayeusifu, umewahi kuwarudishia watu wa huko kwa saa chache mbingu waliyokuwa nayo babu zao, na watoto wengi wa mjini waliiona Njia ya Maziwa kwa mara ya kwanza katika usiku wa namna hiyo, wakiwa nje kwa sababu ndani kulikuwa na joto.

Usiku wa nyota, kama uitwavyo na walimu, ni mkutano wa jioni ambamo wanafunzi na jamaa zao hualikwa katika uwanja wa shule ili watazame mwezi, sayari na nyota kwa darubini, huku mtu mwenye ujuzi akiwaeleza. Desturi hii hudhaniwa kuwa ya kigeni, na kwa upande wa chombo dhana hiyo ni sahihi. Tarehe 14 Aprili 1611 Galileo alialikwa karamuni katika kilima kimoja cha Roma. Kabla ya jua kuchwa aliwaonyesha wageni maandishi yaliyochongwa juu ya jumba la mbali, ili waamini kwamba chombo chake hakidanganyi. Usiku ulipoingia akawaonyesha miezi ya Mshtarii. Utaratibu huo, wa kuanza na kitu kinachojulikana ndipo kufuata kisichojulikana, haujapata kushindwa na utaratibu mwingine wowote. Katika mwaka wa 1968 John Dobson na wenzake waliunda katika mji wa San Francisco chama cha kutazamisha watu nyota kando ya njia. Darubini zake zilikuwa za bomba la karatasi ngumu na mbao za kawaida, na kila mpita njia aliweza kutazama bila ya malipo. Darubini nyingi zitumiwazo leo katika mikutano ya namna hii hufuata umbo lile la Dobson, kwa maana ni rahisi na imara, na fundi seremala yeyote aweza kuunda kitako chake.

Lakini mkutano wenyewe, yaani watu wa rika zote kutoka nje jioni na kuinua macho pamoja, si mgeni katika pwani hii. Jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaaban, jua likiisha kutua, watu hupanda juu ya sakafu za nyumba au huenda ufukoni kutazama mwandamo. Huko huonekana jambo ambalo mwalimu yeyote wa sayansi angependa kuliona darasani. Mzee ndiye ajuaye mahali pa kutazama, maana ameona miandamo mingi na hujua mwezi utakuwa upande gani wa pale jua lilipotua. Lakini mtoto ndiye mwenye macho. Mtoto akipiga kelele kwamba ameuona, haaminiwi mara moja. Huulizwa: pembe zake zaelekea wapi? Uko juu ya mnazi gani? Nani mwingine ameuona? Ushahidi hupimwa na kulinganishwa kabla ya kupelekwa kwa kadhi. Wanaodai kwamba elimu ya kuchunguza kwa macho na kupima ushahidi ililetwa na shule za wakoloni hawajapata kusimama kati ya watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani.

Mabaharia nao walikuwa na mbingu yao. Chombo kilichotoka Lamu, Unguja au Kilwa kwenda Arabuni katika msimu wa kusi kilitoka nchi isiyoonekana nyota ya Jaa, iliyo karibu na ncha ya kaskazi ya mbingu, kikaingia nchi ambayo nyota hiyo hupanda kila usiku. Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini ya ikweta. Kwa hiyo Jaa haionekani kabisa. Mwanamaji alipima kimo cha nyota kwa kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo. Uzi ulishikwa kwa meno, ubao ukanyoshwa mbele hata ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukaigusa nyota, na kipimo kikahesabiwa kwa vidole, kila kidole zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Kusini zaidi, Jaa ilipozama, walitumia nyota nyingine, na Suheli ilikuwa mojawapo ya zile zilizoheshimiwa. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeishi katika karne ya 15, alitunga mashairi na vitabu juu ya elimu hiyo, na mojawapo laeleza njia ya kwenda Sofala. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka Bara Hindi katika mwaka wa 1498. Wanachuoni wa sasa wameikataa hadithi hiyo, na kwa haki: rubani wa Malindi yaelekea alikuwa mtu wa Gujarati. Lakini hata hadithi ikiondolewa, ukweli unaobaki si mdogo, kwamba Mreno aliyevuka bahari ya Atlantiki alihitaji mtu wa bahari hii amsomee mbingu za huku.

Mkulima alihitaji mbingu kama mwanamaji. Kundi la nyota liitwalo Kilimia limepata jina lake katika kazi ya kulima, na jina la asili hiyo hiyo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu hata Afrika ya Kusini, ambako Wazulu na Waxhosa huliita isiLimela. Wazee wa pwani walisema kwamba Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua. Msemo huo waweza kupimwa. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa bado, Kilimia huonekana chini kabisa magharibi baada ya jua kutua, kisha hupotea katika mwanga wake. Katika Juni huonekana tena mashariki kabla ya mapambazuko, na wakati huo mvua zimekwisha. Mnamo Novemba mambo hugeuka: huzama alfajiri na kuchomoza magharibi ya jua, wakati wa vuli. Hapana uganga hapa, ni kalenda. Kando yake palikuwa na ile hesabu ya mwaka wa siku 365 uanzao siku ya Nairuzi na kugawanywa katika makumi, ambayo bado hukumbukwa Makunduchi kila Julai katika sherehe ya Mwaka Kogwa. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza, husogea siku moja kila miaka minne, na wazee walilijua hilo.

Mgogoro wa kwanza wa usiku wa nyota hutokea hapo, nao ni mgogoro wa neno. Katika Kiswahili mnajimu ni mtu ajuaye nyota, lakini pia ni mtu atazamiaye bahati ya mtu kwa nyota. Majina ya buruji kumi na mbili, tangu Hamali mpaka Hutu, yamehifadhiwa na vitabu vya utabiri zaidi kuliko na vitabu vya shule. Mtu husemwa kwamba nyota yake imefifia, au imechukuliwa, na wako wanaolipwa fedha kuisafisha. Basi mzazi apelekewapo barua ya shule kwamba mwanawe atakwenda kutazama nyota usiku, si ujinga kuuliza ni nyota za namna gani. Swali hilo ni la haki na lastahili jibu. Neno falaki lina heshima zaidi, kwa kuwa latumika katika hesabu za sala na mwandamo. Neno astronomia halina historia yoyote hapa, na kwa sababu hiyo halina adui. Walimu wengine huepuka yote mawili wakasema “elimu ya anga”, ambayo ni salama lakini yaweza pia kumaanisha mawingu.

Mgogoro wa pili ni wa siasa, na sasa umesahauliwa. Katika mwaka wa 1960 Wamarekani walipewa ruhusa ya kujenga Unguja, huko Tunguu, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo cha Unguja kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo vilivyosema naye. Wako Waunguja waliokipinga wakihofia kwamba ni cha kivita, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kikaondolewa. Miaka sita baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa kuchunguza miali ya eksirei ya mbinguni. Siku hiyo ilikuwa ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na chombo kikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hivyo neno la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya wanafalaki wote duniani, ilhali watoto wa pwani ile ile walikuwa hawajapewa darubini hata moja ya kutazamia mwezi. Hali hiyo ya nchi kuwa mahali pa kurushia tu, na watu wake kuwa watazamaji wa moshi, ndiyo iliyofanya jitihada za baadaye ziwe na uzito.

Jitihada hizo zilikuwa za watu wachache. Mwaka 2009, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia kwa kutimia miaka 400 tangu Galileo, uliwapa walimu wa nchi nyingi sababu ya kutoka nje na wanafunzi wao. Katika Tanzania jina linalotajwa zaidi ni la Dkt. Noorali Jiwaji, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, aliyeandika kwa umma juu ya mbingu za kila mwezi na kushughulika na mpango wa watoto uitwao Universe Awareness, ulioanzia Uholanzi. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa namna ya pete kusini mwa Tanzania, na yeye alikuwa miongoni mwa waliowatayarisha wananchi mapema. Rujewa, katika Wilaya ya Mbarali, wanafunzi, wakulima na wageni walikusanyika mchana wakiwa na miwani maalumu. Huko Kenya, Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen walianzisha mwaka 2014 shirika la The Travelling Telescope, wakichukua darubini kubwa kutoka shule hadi shule. Wote hao walikuta jambo moja: mtoto aliyefundishwa mfumo wa jua kwa picha hushtuka sana aonapo Zohali na pete yake, na mara nyingi huenda mbele ya darubini kuangalia kama hapakubandikwa picha.

Kwa Kimara mpango wa usiku kama huo una mapato na vikwazo vyake. Pato la kwanza ni ikweta. Katika Ulaya ya kaskazini jua la Juni huchelewa kutua hata watoto wamelala. Dar es Salaam jua hutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, na machweo ni mafupi. Saa moja na nusu usiku kazi yaweza kuanza, na saa tatu mtoto yuko kitandani. Pato la pili ni msimu: kuanzia Juni mpaka Septemba, kusi likivuma, mbingu huwa safi zaidi kuliko wakati wa masika, na kitovu cha Njia ya Maziwa hupanda juu sana. Msalaba wa Kusini huelekea kusini-magharibi mapema jioni, pamoja na nyota mbili zinazouongoza. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba iko umbali wa miaka minne na theluthi ya safari ya nuru, na hakuna mfumo wa nyota unaoonekana kwa macho ulio karibu kuliko huo. Mwezi wa siku saba ndio bora kwa wageni, kwa maana kivuli cha milima yake huwa kirefu.

Vikwazo ni taa, mbu, na mstari. Taa ya uwanja huzimwa kwa ombi la mwalimu mkuu, lakini ya jirani huzimwa kwa hisani yake tu, na ndiyo sababu mwenyekiti wa mtaa hupaswa kuarifiwa mapema. Tochi hufungwa karatasi nyekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Mstari una matata zaidi. Mtoto wa kwanza huweka jicho juu ya kioo, huona giza tupu, na kwa haya husema ameona. Basi hupita, na nyuma yake wanapita wengine kumi na tano wakisema vivyo hivyo. Mwonyeshaji mwerevu hauulizi mstari kama wameona. Huuliza wameona nini. Tena kuna jambo ambalo wasiolijua hulidhania ubovu wa chombo: darubini isiyo na mtambo wa kuifuata nyota, ikikuza mara mia, hupoteza sayari kwa muda wa dakika mbili hivi. Si sayari iliyokimbia. Dunia imezunguka, digrii kumi na tano kwa saa, na uwanja na watu wote wamechukuliwa pamoja nayo. Hapana somo la mwendo wa dunia lililo fupi kuliko hilo, na mwalimu anayeirudisha darubini kimya kimya ameitupa nafasi.

Suala la lugha ni zito kuliko taa. Mwanafunzi wa sekondari husoma mfumo wa jua kwa Kiingereza katika jiografia ya kidato cha kwanza. Mdogo wake wa shule ya msingi huusoma kwa Kiswahili. Bibi yao hakuusoma popote, lakini huenda akakijua Kilimia. Usiku uwanjani ndio darasa pekee ambamo watatu hao husikiliza maelezo mamoja. Ikiwa mwonyeshaji atasema kwa maneno ya kitabu cha sekondari, bibi atarudi kwenye mkeka wake na kumwachia mjukuu kazi ya kutafsiri, ambayo mjukuu haiwezi. Akisema Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, mambo hugeuka: bibi huanza kuuliza, na mara nyingine kusahihisha. Majina hayo yako katika kamusi na hayahitaji kamati. Kinachopotea ni yale yasiyo katika kamusi, majina ya makundi madogo ya nyota waliyoyatumia wavuvi wa Kunduchi na Mbweni, ambayo hukumbukwa na watu wachache na hayaandikwi.

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote, na Afrika ya Mashariki ilikuwa mahali pazuri sana pa kuutazama. Kivuli kilianza kuula saa moja na dakika 27. Saa mbili na nusu ulikuwa wote gizani, mwekundu kama shaba. Na saa nne kasoro dakika 8 ukingo wake ukaanza kung'aa tena. Neno lenyewe, kupatwa, lilitokana na fikira kwamba mwezi umekamatwa na kitu, na misikitini husaliwa sala yake mahususi. Kwa hiyo kwa dakika 82 palikuwa na watu nje kwa sababu mbalimbali, wengine kwa ibada na wengine kwa udadisi, na wala hapakuhitajika darubini. Mwezi mpevu, ambao kwa kawaida ni adui wa nyota, ulipofifia uliziacha zionekane.

Kwa wakazi wengi wa Kimara, hata hivyo, saa ya kutazama mbingu si ya jioni. Watoto wanaosoma mjini huondoka nyumbani kukiwa bado usiku, wakiwahi magari kabla hayajajaa. Mwishoni mwa Juni, saa kumi na moja na robo alfajiri, wamesimama kituoni wakielekea mashariki, na juu kidogo ya mwanga wa manjano wa mji Kilimia kimekwisha kuzuka.